Maiki ya Kifuani

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Obura aliingia kwenye studio ya Gakuru pale Noonkopir bila kubisha. Akaangalia ukuta wenye picha za pasipoti, akaangalia meza, kisha akaona begi lililofungwa zipu.

"Buda, niokoe," akasema. "Kesho niko na harusi Kisaju na maiki yangu ya kifuani imekufa. Nikiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Nikodishie yako."

"Na mimi kesho niko na kazi."

"Kazi gani? Si unaenda tu kwa kina bibi yako?"

"Hiyo ndiyo kazi."

Obura akacheka, akavuta kiti. "Mama mkwe si bibi harusi. Kwake tumia ile ya juu ya kamera, inatosha. Elfu mbili mia tano, siku moja. Jumapili asubuhi iko hapa, na nimeicharge."

Gakuru alikuwa na maiki tatu. Moja ilikuwa ya kushika mkononi, ya wahubiri na washereheshaji. Ya pili ilikuwa ndefu kama karoti, inakaa juu ya kamera na kusikiliza kule kamera inakotazama. Hiyo ni nzuri ndani ya nyumba, mtu akiwa hatua mbili kutoka kwako. Akienda mbali inaokota kila kitu kilicho njiani, hadi kuku. Ya tatu ndiyo hiyo aliyoitaka Obura, kidude kama punje ya hindi, hakina waya, kinabanwa kwenye nguo shubiri moja kutoka mdomoni na kuvishwa manyoya ya kuzuia upepo. Mtu mwenye sauti ndogo, akae nje, tena Kajiado, hakuna mwenye kazi hii atakayekuambia uchague nyingine. Gakuru mwenyewe alikuwa ameshawaambia wateja wengi hivyo, na kuwatoza zaidi.

Na sauti ya mama mkwe wake ilikuwa ndogo kweli. Ng'oto Koinet, mama yake Koinet na Naserian, alikuwa na uvimbe kooni, na Alhamisi iliyofuata daktari angeondoa kisanduku chote cha sauti. Daktari hakuwazungusha. Atapona, Mungu akipenda, atakula, atachunga mbuzi, lakini hatazungumza tena. Kusoma na kuandika hakujua. Ndiyo sababu Naserian, mke wa Gakuru, alitaka arekodiwe mapema.

"Huyu mtoto ajue koko yake alikuwa anaongea namna gani," alisema, mkono juu ya tumbo la miezi saba.

Ilikuwa mimba ya pili. Mtoto wa kwanza, msichana, walikuwa wamemzika miaka mitatu iliyopita. Alikuwa akilelewa na koko yake, huyu huyu Ng'oto Koinet, kule Kajiado wakati Naserian alipokuwa akishona nguo kiwandani Athi River, akashikwa na homa, akafa. Kwa kina Naserian jina la aliyekufa halitajwi, kwa hiyo kwa miaka mitatu hakuna aliyelitaja, na Gakuru, ambaye kwa desturi ya Wakikuyu alikuwa amempa mtoto jina la mama yake mwenyewe, alikuwa amezoea kulimeza.

Gakuru akafungua begi, akatoa kile kisanduku kidogo cheusi.

"Pesa sasa hivi," akasema. "Siyo mambo ya Jumatatu."

"Ah, wewe ni mtu mbaya," Obura akasema akituma kwa simu. "Unafikiri nitatoroka?"

Gakuru hakuitumia pesa hiyo kwa starehe. Alinunua shuka jipya jekundu, sukari kilo nne, majani ya chai, na petroli ya pikipiki. Alijiambia kwamba kila senti ilikuwa imekwenda kwa mama mkwe. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu uongo wake wote baadaye ulisimama juu ya ukweli huo.

Nyumba ya Ng'oto Koinet iko nje ya mji wa Kajiado, mahali ambapo upepo hauna kazi nyingine ila kupita. Gakuru aliegesha pikipiki mbali na mlango. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe wake, hamgusi, hali mbele yake. Alimpa Naserian mizigo aingize, yeye akabaki pale nje akifungua begi.

"Paker," yule mama akamsalimu kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti kama gunia linaloburutwa. Hivyo ndivyo walivyoitana, kwa sababu ya kondoo jike ambaye Gakuru alimpa siku za mahari.

"Paker. Mmeamka?"

"Tumeamka. Hii shuka umeleta ni ya nini? Mimi naenda kukatwa shingo, wewe naleta mimi nguo ya harusi."

Wakacheka. Hata yeye alicheka, akakohoa, akashika koo.

Kiti kiliwekwa kando ya ukuta wa mabati, na kamera hatua sita mbele yake. Naserian alitazama begi.

"Na ile ndogo?"

"Ile ya kifuani?" Gakuru hakuinua macho. "Hapana. Leo hapana."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Koinet, shemeji yake, mwanamume mrefu anayeuza ng'ombe, akasogea. "Kama ni kumgusa mama, shemeji, hiyo nitaweka mimi. Naserian ako hapa pia."

Gakuru alikuwa amelifikiria jibu njiani, tangu walipopita Isinya. "Si kuiweka tu," akasema. "Ile kitu inaleta kila kitu kwa masikio yangu. Pumzi yake. Moyo ukidunda. Mimi mkwe nikae na pumzi ya mama mkwe ndani ya masikio? Nimeona si heshima."

Koinet akageukia wazee wawili wa jirani waliokuja kutazama, akawaeleza kwa Kimaa, na wale wazee wakamwangalia Gakuru kwa namna ambayo hawakuwahi kumwangalia katika miaka saba ya ndoa.

"Unaona huyu Mkikuyu?" Koinet akasema. "Vijana wetu wenyewe hawajui hii adabu. Wanakunywa soda meza moja na mama wakwe zao hapa Kajiado."

"Acha, shemeji," Gakuru akasema, na uso ukamchoma. Walidhani ni unyenyekevu.

Alivaa hedifoni, akaanza. Mwanzo mama alisalimia watu wa nyumba, akataja majina ya babu na bibi mpaka vizazi vitano, akaimba kidogo. Ndani ya hedifoni Gakuru alisikia mabati yakipiga, upepo ukipita kwa mkupuo, na chini yake kabisa kitu kama mtu anayeongea upande wa pili wa barabara. Alisogeza kamera hatua moja. Zaidi ya hapo hakuthubutu, kwa sababu wazee walikuwa wakitazama, na sasa alikuwa mtu wa heshima.

Kisha Ng'oto Koinet akainua mkono.

"Watu wende," akasema. "Naserian pia ende. Hii nataka asikie akiwa kwake, siyo hapa kwa uso yangu."

Wakaenda, Naserian wa mwisho, akigeukageuka. Wakabaki wawili na zile hatua tano katikati.

"Wewe nasikia vizuri?" mama akauliza, akionyesha masikio yake.

Gakuru aliona midomo. Akainua dole gumba.

Mama akaongea dakika nane, kwa Kimaa. Upepo ulikuwa umezidi. Gakuru alikielewa Kimaa vizuri kuliko alivyokizungumza, lakini hapakuwa na cha kuelewa. Aliona mkono ukishuka kupima kitu kifupi karibu na ardhi, akaona pembe ya shuka ikipanda machoni. Mara mbili alifungua mdomo aseme, Paker, ngoja, sauti haiji. Kusema hivyo kungeleta swali la pili, na ile maiki iko wapi. Akaacha kamera iendelee.

Mama alipomaliza, Gakuru alitoa hedifoni sikio moja.

"Umesikia, Paker?"

"Nimesikia, Paker."

"Yote?"

"Yote."

"Na wewe nasema nini?"

Hakujua ameulizwa nini. Akachagua maneno ambayo watu husema wanapotaka kuondoka.

"Hakuna shida, Paker. Hakuna shida kabisa."

Yule mama akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaficha uso kwenye magoti yake. Gakuru alidhani ni koo linamuuma.

Jumapili asubuhi Obura alirudisha maiki kama alivyoahidi, imechajiwa, imefutwa vumbi.

"Hii kitu ni moto," akasema. "Imeshika hadi bwana harusi akimeza mate. Na mama mkwe alitokea vipi?"

"Sawa."

"Nilikuambia."

Gakuru akafunga mlango wa studio, akakaa na kompyuta. Kuna namna ya kupunguza upepo kwenye sauti. Unaukata, lakini sauti ya mtu ikiwa iko mahali pamoja na upepo, unaikata pia. Kufikia saa nane alikuwa na picha safi ya mwanamke anayefungua na kufunga mdomo, na nyuma yake kitu kama maji yanayochemka.

Jioni Naserian akauliza, "Nikuwekee meza ndogo tusikize?"

"Bado natengeneza."

"Mimi sitaki uzuri. Nataka tu kusikia."

"Ngoja kesho."

Jumatatu akamwambia mashine imekwama. Naserian alikuwa akikata sukuma wiki, akaacha kisu.

"Gakuru, kuna shida?"

"Shida gani?"

"Sijui. Nauliza."

"Hakuna."

Jumanne alichukua ile maiki, akaiweka kwenye mfuko wa koti, akaenda Kajiado bila kumwambia mtu. Njia yote alijipangia maneno. Angesema betri iliisha. Angesema kamera ni mbovu. Alipofika alikuta wanawake wa kanisa wamejaa nje ya nyumba, wakimwombea mama kwa nyimbo. Ng'oto Koinet alimwona kwa mbali, akanyanyuka kidogo kwenye kiti.

"Paker umerudi?"

Nyimbo zikakoma. Wanawake kama ishirini wakageuka.

"Huyu ndiye?" mmoja akauliza. "Yule wa heshima?"

"Ndiye."

"Mungu akubariki, baba. Njoo ukae."

Gakuru alisimama pale, mkono ndani ya mfuko, maiki ndani ya mkono. "Nilikuwa napita," akasema. "Nimekuja kuona kama mmepata gari ya kesho."

"Koinet amepata," mama akajibu. Kisha akasema kitu ambacho kilimfanya Gakuru aondoke upesi kuliko alivyokuja. "Tangu Jumamosi nalala, Paker. Miaka mingi silali, lakini sasa nalala."

Jumatano mama alilazwa hospitalini Nairobi. Gakuru aliwasindikiza hadi kwenye mapokezi, akakaa kwenye benchi na fomu za bima, akatazama mgongo wa mama mkwe wake ukienda na muuguzi kwenye korido. Bado alikuwa akiongea. Alikuwa akimwuliza muuguzi ametoka wapi na ana watoto wangapi.

Alhamisi wakamkata.

Zilipita siku kumi kabla ya mama kuruhusiwa kuonwa na zaidi ya mtu mmoja. Wodi ilikuwa na vitanda sita. Ng'oto Koinet alikuwa ameketishwa, mrija puani, kitambaa cheupe kikifunika shimo la shingoni ambalo sasa alipumulia. Alikuwa amekonda. Naserian alikaa kitandani. Gakuru alisimama mlangoni, kama ilivyompasa.

Mama alionyesha sikio lake, akamwonyesha Naserian.

"Anauliza kama nimesikiza," Naserian akasema, kisha akamgeukia mama yake. "Bado, Yeiyo. Mkwe wako anasema bado anatengeneza."

Mama akakunja uso. Akanyoosha kidole kwa Gakuru, akaziba masikio yake yote mawili kwa viganja, kama mtu aliyevaa hedifoni, akatikisa kichwa juu chini.

"Anasema wewe ulisikia." Naserian akageuka. "Kumbe ulisikia yote? Sasa si uniambie? Wiki mbili nakuuliza video, na maneno uko nayo?"

"Naserian, tutaongea nyumbani."

"Hapana. Niambie sasa, mbele yake. Alisema nini?"

Haingekuwa kazi ngumu. Alisema anakupenda. Alisema amembariki mtoto. Mwanamke yeyote mgonjwa humwambia binti yake maneno kama hayo, na Gakuru alikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini yule mama alikuwa akimtazama, akingoja kusikia maneno yake mwenyewe, na hakuwa kiziwi.

"Sikusikia," Gakuru akasema.

"Ati?"

"Sikusikia kitu. Ilikuwa upepo. Upepo na mabati."

"Lakini ulikuwa na hedifoni."

"Nilikuwa nayo."

"Na ukamwambia umesikia."

"Ndiyo."

Naserian alimtafutia njia ya kutokea. Ilionekana usoni kwamba anaitafuta. "Ni ile heshima yako," akasema polepole. "Kama ungekubali Koinet amwekee ile ndogo..."

"Haikuwa heshima. Ile ndogo haikuwa kwa begi. Nilikuwa nimemkodishia Obura. Elfu mbili mia tano."

Mama wa kitanda cha pili alikuwa amewasha redio ndogo. Aliizima, labda kwa adabu, labda asikie vizuri.

Naserian hakupiga kelele. Alimgeukia mama yake, akashika mikono yake yote miwili, akasogeza uso mpaka ukawa karibu na ule mdomo usiotoa sauti.

"Sema tena, Yeiyo. Polepole. Nitasoma."

Midomo ikaanza. Na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kujua kama amesoma vyema, Naserian alirudia kila neno kwa sauti, na mama akakubali au kukataa kwa kichwa. Kile alichotaka kisemwe pembeni, watu wakiwa wamefukuzwa, kikaanza kusemwa katikati ya wodi, neno kwa neno, Kimaa kimechanganyika na Kiswahili.

"Mtoto. Huyu? Hapana. Mtoto..." Mama alishusha mkono kando ya kitanda, akapima urefu wa mtoto anayeanza kutembea. "Yule. Sawa. Yule. Homa. Alikuwa na homa. Usiku? Hapana. Asubuhi. Jumatano asubuhi, najua, uliniambia... Hapana? Jumanne?"

Mama akatikisa kichwa juu chini.

"Si uliniambia ilianza Jumatano?"

Midomo ikasema.

"Ilianza Jumanne. Na ukampeleka... Hukumpeleka. Ulingoja. Ulingoja nini, Yeiyo? Ng'ombe? Mbuzi. Koinet. Koinet alikuwa ameenda soko, hakuna mtu wa kubaki na mbuzi. Ukangoja arudi. Ulidhani ni meno. Ukangoja... Siku moja."

Mama wa kitanda cha pili, yeye mwenyewe Mmaasai wa Ilbissil, akajifunika uso kwa blanketi.

Gakuru aliitafuta hasira ambayo baba wa mtoto angepaswa kuwa nayo. Ilikuwepo. Lakini alipotaka kuinyanyua ilikuwa nzito kwake, na mkono wake haukuwa safi wa kuibeba.

Midomo ilikuwa bado inasema. Sasa mama alikuwa akimwonyesha Gakuru.

"Anasema wewe ulimsamehe," Naserian akasema bila kugeuka. "Anasema alikuuliza, wewe baba wa mtoto, na ukamwambia hakuna shida. Hakuna shida kabisa. Anasema siku hiyo ndiyo alilala."

Ng'oto Koinet alikuwa akimtazama mkwe wake kutoka upande wa pili wa kitanda. Macho yake hayakuwa na lawama. Yalikuwa yanauliza tena, lile swali la Jumamosi, na safari hii Gakuru alilisikia vizuri.

Alifungua mdomo. "Paker," akasema. Akakwama hapo.

Muuguzi akaingia akipiga makofi mepesi, muda wa kuona wagonjwa umekwisha, jamani, tutoke. Naserian alinyoosha mto wa mama yake. Alimfuta machozi, kisha akamfuta unyevu kando ya lile shimo la shingoni, taratibu, kama mtu aliyefundishwa. Hakusema amemsamehe wala hajamsamehe.

"Kesho nitakuja saa saba, Yeiyo," akasema.

Walishuka ngazi. Kwenye lango, pale wauzaji wa ndizi wanapokaa, Naserian alisimama, akashika kiuno, akavuta pumzi mpaka mtoto tumboni alipotulia.

"Nisamehe," Gakuru akasema. "Nilienda Kajiado Jumanne. Niliibeba ile ndogo. Nilikuta watu wamejaa, nikaona aibu."

"Yeiyo aliona ni meno," Naserian akasema. "Hakujua. Akangoja siku moja." Alikuwa akitazama barabara, siyo yeye. "Wewe ulijua tangu Jumamosi. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku nne, Gakuru, na alikuwa bado na sauti."